Barua ya Kuitwa Imekuja, Kiti Kiko Wapi?

 

Mazungumzo ya leo ni juu ya kiti cha darasani katika chuo kikuu cha umma. Nina maana ya kiti katika somo la lazima, lile ambalo mwanafunzi asipolipita hapewi shahada hata akipata A katika mengine yote. Viti hivyo vimekuwa vichache kuliko wanaovihitaji, na kwa sababu hiyo wako vijana wengi ambao sisi majumbani tunadhani wanasoma, kumbe wanangoja.

Kila mwaka KUCCPS, ile taasisi inayowagawia watahiniwa nafasi za vyuo, inapotoa majina, mitaani kwetu Likoni, Mombasa, husikika vigelegele. Ni haki yetu kufurahi. Likoni si mahali ambapo kila nyumba ina mtu mwenye shahada. Mama anayekaanga mahamri tangu alfajiri, au baba anayepakua mizigo bandarini, akisikia mwanawe ameitwa chuo kikuu huona jasho lake limepata maana. Barua ikifika husomwa na nyumba nzima: jina la kozi, tarehe ya kuripoti, karo, vitu vya kubeba. Barua hiyo haisemi kama hesabu ya mwaka wa kwanza itakuwa na mwalimu. Haisemi ukumbi unachukua watu wangapi na walioitwa ni wangapi. Haisemi kama katika karakana zipo mashine za kutosha ili kila mmoja aziguse kwa mkono wake. Hayo kijana huyajua akishafika, na akishafika ameshalipa.

Tueleze mambo yanavyokwenda, maana wazazi wengi hawajapata kuelezwa. Shahada imejengwa kwa yuniti, kama wanafunzi wenyewe wanavyoziita. Ziko yuniti za kila mtu chuoni: stadi za mawasiliano, elimu ya UKIMWI, ujasiriamali. Humo anakutana anayesomea uhandisi na anayesomea uhasibu na anayesomea utalii, wote ukumbi mmoja. Ziko nyingine za kozi yenyewe, nazo zimeshikana: usipopita hesabu ya kwanza huruhusiwi kuchukua ya pili, na bila ya pili huingii masomo ya umeme au mitambo ya mwaka wa tatu. Tena nyingi katika hizo hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Kwa hivyo mwalimu akikosekana muhula huu, au alama zako zikipotea, unachopoteza si muhula mmoja. Unasubiri mpaka mwaka ujao, ukae na waliokuja nyuma yako, na ule ukumbi uliokuwa umefurika uongezewe wewe na wenzako. Ratiba nayo imepangwa kwa ajili ya darasa lao. Mara nyingi yuniti unayoirudia huangukia saa ileile ya yuniti ya mwaka wako, na mtu hawezi kukaa kumbi mbili kwa wakati mmoja. Unachagua moja, nyingine inaingia kwenye deni.

Yuko kijana wa mtaa wetu aliyemaliza yuniti zote za mwaka wa nne akabakiwa na moja ya mwaka wa pili. Alama zake hazikuonekana kwenye orodha. Aliyemfundisha alikuwa mwalimu wa muda, naye alikuwa ameshaondoka chuoni. Chuo chenyewe sikitaji. Wenzake walivaa majoho siku ya mahafali, yeye akabaki kupanda na kushuka ngazi za ofisi na karatasi yake ya maombi mkononi. Mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, hupimwa kwa miaka ya kozi. Ule mwaka wa ziada, nauli yake, chakula chake na karo yake, vilitoka mfukoni mwa mamake. Nimemjua kijana huyu tangu mdogo, na hakuwa mvivu.

Nchi nyingine zina tatizo hilihili, ila kwao linaonekana. Katika vyuo vya jamii vya jimbo la California, Marekani, kila darasa lina idadi yake. Likijaa, hukubaliwi kujiandikisha, na jina lako linawekwa kwenye orodha ya kungojea. Bajeti zilikatwa baada ya msukosuko wa uchumi wa 2008, madarasa yakapunguzwa, na katika muhula wa mwisho wa 2012 wanafunzi zaidi ya 470,000 walikuwa kwenye orodha hizo. Novemba ya mwaka huohuo wapiga kura wa jimbo hilo walikubali kujiongezea kodi kwa ajili ya shule na vyuo, katika kura iliyoitwa Pendekezo la 30. Sidai kwamba orodha peke yake ndiyo iliyowashawishi. Lakini mpiga kura aliyeambiwa vyuo vina shida aliweza kuuliza shida ni kubwa kiasi gani, na akajibiwa kwa namba.

Kwetu mambo ni kinyume. Hakuna anayekataliwa mlangoni. Wote wanaandikishwa, wote wanaingia. Aliyewahi anakaa, aliyechelewa kidogo anasimama ukutani, wa mwisho anasikiliza dirishani, na daftari la chuo linaonyesha kwamba wote ni wanafunzi wa somo hilo. Upungufu upo, idadi yake haipo. Hili ndilo ninaloomba tulishike leo, msikilizaji: tunawahesabu wanaoingia, hatuhesabu viti wanavyokuta. Na jambo lisilo na hesabu halidaiwi, si bungeni, si kwenye bajeti, wala kwenye baraza la chuo.

Msongamano huu una historia, nayo ni ya maamuzi ya watu. Mpaka 1984 Kenya nzima ilikuwa na chuo kikuu kimoja cha umma, cha Nairobi. Moi kikaja 1984, Kenyatta 1985, Egerton 1987. Mwaka 1987 waliingizwa wanafunzi wa miaka miwili kwa mpigo, kwa sababu masomo yalikuwa yamerudi nyuma tangu vyuo vifungwe kufuatia jaribio la mapinduzi la 1982. Mwaka 1990 ikawa vivyo hivyo: waliofanya mtihani wa mwisho wa kidato cha sita na waliofanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ya kwanza ya mfumo wa 8-4-4, wote wa 1989, walifika mlangoni pamoja. Vyuo viliagizwa viwapokee, vikawapokea. Tangu siku zile tumezoea mtindo huo: amri ya kupokea inatangulia, pesa za kupanua zinafuata nyuma zikichechemea.

Kisha 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanzisha moduli ya pili, masomo ya kujilipia, na vingine vikafuata. Madarasa ya jioni yakajaa. Yapo mengi ya kulaumu katika mpango ule, lakini pesa zake ndizo zilizolipa walimu wa muda na kusimamisha majengo mengi tunayoyaona. Likaja pigo ambalo watu wengi hawaliunganishi na habari hii. Mwaka 2015 waliopata C+, alama ya kuingilia chuo kikuu, na zaidi katika KCSE walikuwa 169,492. Mwaka 2016, Waziri wa Elimu Fred Matiang'i alipoziba mianya ya wizi wa mitihani, wakashuka hadi 88,929, na 2017 hadi 70,073. Serikali ikaweza kuwachukua wote kwa ufadhili wake. Hapo hakubaki wa kujilipia, na kisima cha moduli ya pili kikakauka. Baadaye idadi ikapanda tena: 201,133 mwaka 2023, na 246,391 mwaka 2024. Zaidi ya mara tatu katika miaka saba, na zile pesa zilizokuwa zikilipa mwalimu wa ziada hazijarudi. Mfumo mpya wa ufadhili uliotangazwa Mei 2023, ule wa kuwagawa wanafunzi kwa hali za nyumbani kwao, umeleta zogo na kesi mahakamani. Zogo lake ni la nani alipe. Kuhusu kama atakikuta kile anacholipia, kimya.

Tuje hapa kwetu. Chuo kikuu cha umma chenye makao yake makuu hapa Mombasa ni kile cha Kiufundi, kule Tudor. Wazee wetu walikijua kwa jina la MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu wa Afrika Mashariki iliyoanzishwa kwa fikra ya Gavana Philip Mitchell na michango ya Aga Khan, Sultani wa Zanzibar na Mabohora, ikapokea wanafunzi wa kwanza 1951. Mwaka 1966 ikawa taasisi ya ufundi ya wote, 1972 ikawa Mombasa Polytechnic. Mwaka 2007 ikafanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, na Januari 2013 ikapewa hati ya chuo kikuu kamili. Chuo Kikuu cha Pwani, kule Kilifi, kilichokuwa taasisi ya kilimo, kilipita njia hiyohiyo katika miaka hiyohiyo. Mwaka 2007 nchi ilikuwa na vyuo vikuu vya umma 7. Kufikia miezi ya mwanzo ya 2013, Rais Kibaki akikaribia kuondoka, vilikuwa 22.

Mimi ni mmoja wa waliofurahi. Mtoto wa Pwani alikuwa akipanda basi la usiku kwenda Nairobi au Eldoret kutafuta kilichopaswa kuwa karibu naye, na wengine, hasa mabinti, hawakuruhusiwa kwenda mbali hivyo. Chuo kuja Mombasa kilikuwa deni la miaka mingi lililolipwa. Lakini bango la langoni hubadilishwa kwa siku moja. Mhadhiri mwenye shahada ya uzamivu hupatikana baada ya miaka kumi ya masomo, tena ukijaliwa. Na zile karakana zilizojengwa kwa wanafunzi wa polytechnic, waliokuwa wakija kwa mafungu madogo kupata diploma na vyeti vya ufundi, zikatakiwa zibebe shahada za uhandisi juu ya kazi yake ya zamani.

Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ina vipimo vyake tangu 2014. Katika sayansi, mhadhiri mmoja kwa wanafunzi 10. Katika tiba, mmoja kwa 7. Katika fasihi na lugha na masomo ya namna hiyo, mmoja kwa 15. Katika sayansi za jamii, mmoja kwa 18. Muulize mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza katika chuo chochote cha umma nchini, atakuonyesha kipaza sauti, na ukumbi ambao walioko nyuma hawaoni ubao. Somo la stadi za mawasiliano, ambalo kazi yake ni kumzoeza kijana kusimama na kusema, anafundishwa miongoni mwa mamia ambao hakuna hata mmoja atakayepata zamu ya kusimama. Insha mia tatu au mia nne husahihishwa na mtu mmoja, naye pengine ni mwalimu wa muda anayefundisha vyuo viwili au vitatu ili aishi. Mwalimu huyo asipolipwa huzuia alama. Wanaomlaumu wajue kwamba hana silaha nyingine. Na anayeumia ni yule aliyefanya mtihani wake vizuri.

Wahadhiri wa kudumu nao wana kilio chao. Mwaka 2025 walishusha zana tarehe 17 Septemba na hawakurudi mpaka 5 Novemba, siku 49, wakidai shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa mishahara wa 2017 hadi 2021. Deni la mkataba ule lilikuwa bado linazungushwa miaka minne baada ya mkataba kwisha. Kwa aliye mwaka wa kwanza, ule ulikuwa karibu nusu ya muhula wa mwanzo wa maisha yake ya chuo. Muhula ukisukumwa mbele, unaukanyaga unaofuata. Madarasa mawili yanagombea ukumbi mmoja, na yuniti zisizokuwa na mtetezi zinaahirishwa.

Niseme la maabara, kwa sababu hapo ndipo wanafunzi wa ufundi wanapodhulumika zaidi, na hapaonekani kwa picha za ukumbi uliojaa. Zoezi la mashine za umeme ni la lazima. Kundi linaizunguka mashine moja, mmoja anashika nyaya, mwingine anasoma mita, waliobaki wananakili namba. Ripoti inaandikwa, alama zinatolewa, yuniti inahesabiwa imepita. Kijana aliyenakili tu amepita kwa karatasi. Siku atakapokabidhiwa mtambo wa kweli, hatari ni yake na ya wote walio karibu. Wanafunzi wa uuguzi nao wanatakiwa wawe na saa zao za wodini, na Hospitali Kuu ya Pwani inapokea wanafunzi wa vyuo zaidi ya kimoja. Mgonjwa mmoja amezungukwa na makoti meupe, na anayempima presha ni mmoja.

Sisi wa Mtongwe, ng'ambo ya kivuko cha Likoni, tuna sehemu yetu ya ziada. Kufika Tudor, kijana wa huku hushuka Likoni kwa matatu au tuktuk, akangoja feri, akavuka, akapanda gari jingine mpaka chuoni. Kivuko chetu cha Mtongwe kimefunguliwa na kufungwa mara nyingi mno hata hatukipangii safari. Darasa la saa moja asubuhi linamtaka awe njiani kabla ya alfajiri. Feri ikikwama akafika saa moja na nusu, viti vimekwisha, naye anasimama ukutani mpaka mwisho akiandika juu ya mkono. Chuo kikijaribu kupunguza msongamano kwa kuligawa darasa, kundi la pili hupewa saa za jioni mpaka usiku, maana ndipo kumbi ziko wazi. Mama wa Likoni anajua maana ya binti kushuka feri saa tatu usiku na kutafuta gari la Mtongwe. Wako mabinti walioacha yuniti kwa sababu hiyo tu. Wanaopanga ratiba wanaona ukumbi uliojazwa sawasawa, hawaoni bahari iliyo katikati.

Na juu ya kupakia kupita kiasi, watu wa Mtongwe hawana haja ya kufundishwa. Tarehe 29 Aprili 1994 feri yetu ilipinduka karibu na ufuo, na watu 272 walikufa. Wako wanaonisikiliza usiku huu waliozika ndugu zao. Sifananishi mauti yale na shida za masomo. Lakini tulijifunza kwa gharama kubwa mno kwamba chombo kina idadi yake, na idadi hiyo huandikwa na kulindwa kabla watu hawajapanda. Sioni kwa nini ukumbi wa chuo kikuu, unaobeba miaka minne ya maisha ya mtu, usiwe na idadi iliyoandikwa na mtu wa kuilinda.

Kiko kiti kingine cha lazima ambacho kinatuhusu sisi kuliko watu wa Nairobi, nacho hakimo darasani. Kimo melini.

Tunakaa mahali ambapo meli za dunia nzima zinapita mbele ya macho yetu zikiingia Kilindini. Kituo cha Jeshi la Wanamaji kiko hapa Mtongwe. Eneo maalumu la kiuchumi la Dongo Kundu liko jirani. Tumeambiwa miaka mingi kwamba mustakabali wa vijana wetu ni uchumi wa bahari, nao wameitikia: wanasomea ubaharia na uhandisi wa meli katika vyuo vyetu, na katika chuo cha Bandari, ambacho tangu 2018 kimekuwa Bandari Maritime Academy. Sasa sikiliza. Mkataba wa kimataifa wa STCW, unaoweka viwango vya mafunzo na vyeti vya mabaharia, wa 1978, uliofumuliwa upya 1995 na 2010, unasema hivi: anayetaka cheti cha afisa wa zamu katika daraja la meli lazima awe ametumikia baharini si chini ya miezi 12 ndani ya mafunzo yaliyoidhinishwa, na kitabu chake cha kumbukumbu kikijazwa humo. Nje ya mpango huo, si chini ya miezi 36. Mhandisi naye ana muda wake wa karakana na wa chumba cha injini. Kenya imo kwenye orodha nyeupe ya Shirika la Kimataifa la Bahari tangu 2010, yaani vyeti vyetu vinakubalika. Kwa hivyo darasa lipo, mitaala ipo, heshima ya kimataifa ipo. Meli hakuna.

Huwezi kuongeza kadeti melini kama unavyoongeza mwanafunzi ukumbini. Hakuna kusimama ukutani. Meli ina vyumba vichache vya kadeti, na mwenye meli wa ng'ambo huwapa kwanza vijana wa kwao, au wa nchi zilizokwisha kufanya naye mkataba. Shirika letu la taifa la meli liliundwa 1987, na kwa miaka mingi limefanya biashara kwa kutumia nafasi katika meli za wengine. Kijana wa Likoni anamaliza masomo yote ya darasani, anafaulu, anavaa sare nyeupe siku ya kufuzu, picha inatundikwa sebuleni. Kisha anakaa. Bila miezi ile hana cheti cha kazi, na bila cheti cha kazi haajiriwi kama afisa melini. Wengine hudanganywa na mawakala wanaoomba pesa kwa ahadi ya meli isiyokuwepo. Wengine wanaendesha bodaboda pale stejini, na ukiwauliza watakueleza sheria za kuepuka migongano baharini kifungu kwa kifungu.

Hili linanikera kuliko mengine yote. Somo la lazima ambalo chuo kinajua tangu siku ya kwanza kwamba hakina nafasi zake, na bado kinapokea karo ya kozi nzima, ni ahadi isiyo na mdhamini. Chuo kinachofundisha ubaharia kingepaswa kuwachukua wale tu ambao kimewatafutia meli, au kiwaambie wengine wazi, kwa maandishi, kabla hawajalipa: nafasi tulizo nazo mwaka huu ni hizi, ninyi mko wangapi, pimeni. Na serikali inayojadiliana na makampuni ya meli juu ya magati na ada za bandari iweke mezani, katika mazungumzo hayohayo, vyumba vya kadeti wa Kenya.

Wapo watakaosema dawa ni kupunguza wanaoitwa vyuoni. Siwaungi mkono. Mkipunguza, wa kwanza kubaki nje atakuwa yule wa C+ aliyesoma shule ya kutwa ya Likoni kwa taa ya kuazima, na wa shule kubwa ataingia kama kawaida. Wapo pia wanaosema masomo ya pamoja yapelekwe mtandaoni, kama ilivyofanyika wakati wa korona mwaka 2020. Kwa baadhi ya yuniti hilo linafaa, na kwa mwanafunzi wa ng'ambo ya feri linamwokolea nauli na usiku. Lakini bando ni pesa, simu ya familia ni moja, na mashine ya umeme haishikwi kwa simu. Mtandao upunguze mzigo pale unapoweza, usigeuzwe pazia la kuficha upungufu wa walimu.

Ninachotaka kinawezekana hata kabla ya shilingi moja kuongezwa. Kila chuo kikuu cha umma, mwezi mmoja kabla ya muhula kuanza, kitoe jedwali hadharani: kila yuniti ya lazima, walioandikishwa, viti vya ukumbi, jina la mhadhiri, na waliobaki wakingoja kuirudia. Kila kikao cha mahafali kitanguliwe na idadi ya walioanza pamoja na wahitimu hao lakini hawapo, na sababu zake. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ina vipimo. Ivitangaze pamoja na majina ya wanaovivunja. Kamati ya Bunge ya Elimu, inapokutana na manaibu chansela kuhusu bajeti, idai jedwali hilo kwanza. Pesa zitakapoombwa baada ya hapo, zitaombwa kwa kitu kinachoonekana.

Nanyi wanafunzi, msingoje mpewe. Viongozi wenu wa chama, badala ya kushindana kwa mabango na matarumbeta, wasimame mlangoni mwa kila ukumbi wa yuniti ya lazima juma la tatu la muhula, wahesabu viti na wahesabu vichwa, wakiandika tarehe na saa. Karatasi hiyo ipelekeni kwa mkuu wa idara, nakala kwa Tume, nakala kwa mbunge wenu, nakala hapa redioni. Tutaisoma.

Wazazi wa Mtongwe na kwingineko, mtoto wenu akiitwa, nendeni naye siku ya kuripoti, au kipigieni chuo simu kabla ya kulipa. Ulizeni mambo matatu: yuniti za lazima za mwaka wa kwanza zina walimu? Zikikosa kufundishwa, mwanangu atangoja muda gani na nani atalipa? Na kama ni kozi ya ubaharia, mna meli gani, na nafasi ngapi? Ulizeni kwa adabu, mwandike majibu, na jina la aliyewajibu. Karo mnayolipa inawapa haki hiyo.